Viwili Vinapoitwa Kimoja

Wahenga walinena: ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Kwa kawaida methali hii hutukumbusha jasho lililofichika nyuma ya kazi iliyokamilika. Lakini ndani yake mna maana ya pili, nayo ni kwamba kitu hakiwi kilivyo kwa sababu ya mbao zake tu, bali pia kwa jinsi mbao hizo zilivyounganishwa. Mbao zile zile huweza kuwa jahazi, zikaweza pia kuwa mlango. Kutokana na maana hiyo linazuka swali: ni lini tuna haki ya kusema kwamba vitu viwili ni kimoja?

Tutazame kaboni. Almasi ni kaboni. Na grafiti, ile nyeusi iliyomo ndani ya penseli, nayo ni kaboni. Katika almasi kila atomu imeshikana na jirani 4, kwa masafa ya nanomita 0.154, kama nguzo zinazotegemeana pande zote. Katika grafiti kila atomu ina jirani 3 katika utando bapa, na tando hizo zimelazwa moja juu ya nyingine kwa mwanya wa nanomita 0.335, zikawa nyepesi kuteleza. Ya kwanza hukata kioo, ya pili huacha alama karatasini. Asili yao ni moja. Mpango ndio uliowatenga.

Wala jambo hili si la vito na kalamu pekee. Mwaka 1996 ilianza kuuzwa ritonavir, dawa ya kudhibiti virusi vya UKIMWI. Mwaka 1998 kapsuli zake zikaanza kushindwa mtihani wa kuyeyuka. Molekuli ya dawa ilikuwa ile ile, atomu kwa atomu. Kilichogeuka ni namna molekuli zilivyojikunja na kupangana katika fuwele. Umbo hilo jipya lilikuwa zito kuyeyuka, na dawa isiyoyeyuka haifiki damuni. Kapsuli zikaondolewa sokoni, na wagonjwa wakabadilishiwa dawa ya maji yenye ladha mbaya, hadi ulipopatikana utengenezaji mwingine. Lau mtu angewaambia kwamba ile iliyoharibika ilikuwa dawa ile ile, angesema kweli kwa hesabu ya atomu, ilhali kwa mgonjwa maneno hayo yangekuwa hatari.

Ndiyo maana wataalamu wa sayansi ya maada wametafuta mizani ya kupimia ufanani wa mipangilio ya atomu. Mojawapo iliyo mashuhuri ilichapishwa mwaka 2013 na Albert Bartók, Risi Kondor na Gábor Csányi. Huchaguliwa atomu moja kuwa kitovu, na kila jirani yake huvikwa kiwingu, kizito katikati na hafifu kandoni, ili kusogea kidogo kusihesabiwe kuwa mageuzi makubwa. Kisha viwingu vya mazingira ya atomu hii hulazwa juu ya vile vya atomu ile, vikizungushwa kila upande, na hupimwa jinsi vinavyofunikana. Jawabu ni namba: 1 kwa mazingira yanayolingana sawasawa, na pungufu ya hapo kadiri yanavyoachana. Kwa namba hiyo kompyuta hubashiri: mpangilio unaofanana na ule uliokwisha kukokotolewa hukisiwa kuwa na nishati iliyo karibu na yake.

Lakini kabla namba haijatoka, kuna mambo yaliyokwisha amuliwa. Imeamuliwa kwamba kugeuka si kubadilika, kwani jahazi lililoelekea kaskazini ndilo hilo hilo likielekea kusini. Imeamuliwa kwamba atomu mbili za aina moja zikibadilishana nafasi, hakuna kilichotokea. Hayo hayana ubishi. Imeamuliwa pia mpaka, kwamba kilicho mbali kuliko masafa fulani kisihesabiwe kabisa. Na mpaka huo ameuweka mpimaji, si maumbile. Zaidi ya hayo, katika sura yake inayotumiwa sana, mizani hii haibagui kitu na taswira yake ya kiooni. Chukua makubadhi, la kulia na la kushoto: masafa yote baina ya sehemu zake ni sawa, lakini mguu haudanganyiki.

Mwaka 2020 kundi la wataalamu, Bartók na Csányi wakiwamo, lilionyesha jambo kubwa zaidi. Yapo mazingira ya atomu yaliyo tofauti kweli kweli, wala si kwa kulia na kushoto tu, ambayo vipimo vya jamii hii huyapa maelezo yale yale. Mfano wao mmoja ni atomu ya kaboni iliyozungukwa na 4 za hidrojeni: kwa mizani hiyo, ukitazama kutoka kwenye kaboni, mipangilio miwili huonekana mmoja. Kuongeza mifano ya kuifundishia kompyuta hakusaidii, kwa kuwa tofauti yenyewe imekwisha futwa mlangoni.

Msomaji wa ushairi hatalistaajabia hilo. Beti mbili huweza kuwa na mizani 16 katika kila mshororo, na vina vilivyopangwa kwa namna moja, na bado moja ikawa shairi na nyingine hesabu ya silabi.

Je, tuache kupima? La hasha. Asiyepuuza lolote hawezi kujua lolote. Hata neno “mti” limepuuza tofauti ya mwembe na mkarafuu, na bila ya kupuuza huko tusingeweza kuzungumza. Kosa la kimaadili huanza pale mpimaji anaposahau kwamba amepuuza, akaichukua namba yake kuwa ndiyo kitu chenyewe. Hivyo, anayetamka kwamba viwili ni kimoja ana deni la maelezo matatu: vinafanana kwa mizani ipi, nini kimeachwa nje ya mizani hiyo, na ni nani atakayeumia ikiwa kilichoachwa ndicho kilichokuwa na uzito. Watu waliounda mizani kisha wakashiriki kutangaza upofu wake wameanza kulilipa deni hilo. Nasi, tunaolinganisha beti, lugha na hata wanadamu kwa mizani zisizo na ukali wa hii, tumelilipa kwa kiasi gani?