Matembezi Gizani

Mwaka 1898 meli ya Ubelgiji iitwayo Belgica ilinaswa na barafu kule Antaktika. Mwezi Mei jua likazama, likakaa zaidi ya miezi miwili bila kuchomoza. Hebu fikiria: sura zilezile, makopo yaleyale, giza asubuhi na jioni. Mmoja wa waliokuwa melini akafariki, wengine wakaanza kuchanganyikiwa.

Daktari wao, Mmarekani Frederick Cook, hakuwa na dawa ya maana. Aliwalisha nyama ya pengwini na sili, akawakalisha mbele ya moto, akawatoa nje wazunguke meli kwa miguu. Matembezi hayo yakapachikwa jina la matembezi ya wendawazimu. Waliyacheka, lakini walitembea. Tuseme kweli: ugonjwa wa kiseyeye uliokuwa umewapata ulitibiwa na nyama, si na miguu. Ila mtu anayetoka nje na mwenzake, wakapigwa na baridi huku wakisemezana, hawezi kushinda kitandani akiutazama ukuta.

Leo wanaanga walio kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga, nao wakiwa wamefungiwa mbali na nyumbani, hutengewa takriban saa 2 za mazoezi kila siku. Ni ratiba ya kazi, si hiari.

Wewe mlinzi uliyekesha kibandani, zunguka uwanja mara chache kabla hujapanda daladala. Na mwenye ndugu baharini, ukimpigia leo usimuulize mshahara tu. Muulize kama ametembea kwenye sitaha, na alitembea na nani.