Mavazi ya Watu wa Kale

Yako mambo ambayo mtu huyafanya kwa mchezo bila ya kujiuliza kama mchezo wenyewe ni halali. Mojawapo ni kujivika mavazi ya watu waliokwisha kufa na kujifanya mmoja wao. Mtoto akivaa kanzu ya babu yake tunacheka, wala hatumwiti mwongo. Lakini watu wazima maelfu wakikutana uwanjani, kila mmoja akajipa cheo cha zamani akipendacho, na wote wakakubaliana kuyasahau yasiyopendeza, je, huo bado ni mchezo, au ni namna ya kuwasingizia wafu? Swali hili lilinipata nchini Marekani, siku niliyokwenda na rafiki zangu wanne kwenye maonyesho ya zama za Renesansi, yaani zama za mwamko wa elimu na sanaa katika Ulaya.

Maonyesho hayo si ya kale kama yanavyojifanya. Ya kwanza yalifanywa Los Angeles mwaka 1963 na mwalimu mmoja, Phyllis Patterson, pamoja na mumewe Ron, ili kuchangia kituo cha redio. Watu waliyapenda yakaenea, na leo yako katika majimbo mengi. Haya niliyoyaona mimi hufanywa Crownsville, katika jimbo la Maryland, kila mwisho wa juma tangu Agosti hata Oktoba. Chini ya miti mirefu umejengwa mji mdogo wa mbao. Mfalme wake ni Henry wa Nane, naye hupita akiinamiwa na watu ambao Jumatatu watarudi katika ofisi na karakana zao. Wako wahunzi, wapiga zeze na wafinyanzi. Watu hutafuna mapaja ya bata mzinga makubwa kama rungu, ingawa asili ya ndege huyo ni bara la Amerika, naye alikuwa mgeni Uingereza katika karne ya 16. Upo pia mchezo wa wapanda farasi wenye deraya, wanaoshambuliana kwa mikuki mirefu. Huo umekuwa mchezo rasmi wa Maryland kwa sheria tangu mwaka 1962.

Rafiki zangu walikodi mavazi karibu na lango. Mmoja alichagua joho jekundu la mahameli, wa pili akawa bibi wa jumba la kifalme, wa tatu mwindaji. Nilipouliza nivae nini mimi, yule wa joho alinijibu kwa ucheshi, "Wewe afadhali ubaki ulivyo. Siku zile hapakuwa na mtu kama wewe Uingereza." Hakukusudia ubaya, lakini neno lile lilinichoma. Niliingia na shati langu, nikawa mtazamaji wa mchezo wa wenzangu.

Kumbe alikosea, na mimi sikuwa na elimu ya kumsahihisha. Aliyemsahihisha ni mwenzetu wa nne, msomaji wa historia, tulipoketi kula. Alituambia kwamba mwaka 1511 Mfalme Henry huyo huyo alifanya mashindano ya mikuki huko Westminster kwa furaha ya kupata mtoto wa kiume. Picha za sherehe hiyo zilichorwa katika hati ndefu ya kukunjwa, nayo imehifadhiwa hata leo. Ndani yake, miongoni mwa wapiga tarumbeta waliopanda farasi, yumo mtu mweusi mwenye kilemba. Jina lake John Blanke. Alimwandikia mfalme kuomba mshahara wake uongezwe ulingane na wa wenzake, akakubaliwa. Na alipooa mwaka 1512, mfalme alimpa zawadi ya mavazi. "Basi," alisema mwenzetu, "aliyestahili kuwa karibu na mfalme ndiye aliyebaki na shati lake." Kisha akamgeukia yule wa joho. Mwaka 1574 Malkia Elizabeth wa Kwanza, binti wa Henry, alitoa amri iliyotaja kila daraja ya watu na nguo walizoruhusiwa kuvaa. Mahameli nyekundu ilikuwa haki ya wakubwa wachache tu.

Tulicheka. Lakini alasiri alitupitia mchezaji aliyejifanya ombaomba, uso umepakwa masizi, akitoa bakuli na maneno ya mzaha, nasi tukacheka tena, mimi pia. Msomaji wetu hakucheka. Alitueleza kwamba kwa sheria ya mwaka 1572, mtu mzima mwenye nguvu aliyekamatwa akizurura na kuomba alipigwa mijeledi, na sikio lake la kulia likatobolewa kwa chuma cha moto. Hata wachezaji wa michezo ya kuigiza, wasipokuwa na bwana mkubwa wa kuwadhamini, walihesabiwa katika kundi hilo. Kwa hiyo yule mchezaji alikuwa akifanya mzaha kwa jambo ambalo lingaliweza kumtoboa sikio mara mbili, kama mwombaji na kama mwigizaji.

Hapo nikamwambia yule wa joho kwamba mchezo wao ni uwongo. Wamechukua nyimbo wakaiacha tauni iliyoua watu wengi sana London mwaka 1563 na 1603. Wamechukua mabaharia hodari wakamwacha John Hawkins, ambaye tangu mwaka 1562 aliwachukua watu wa Afrika Magharibi akawauze ng'ambo. Alinijibu jibu nisilolitazamia. "Unadhani hatujui? Ningaliishi siku zile, ningalikuwa nikifagia zizi la farasi hawa. Ndiyo sababu nimekodi joho. Kwa siku moja navaa nguo waliyokatazwa babu zangu, wala hapana wa kunikamata."

Jibu hilo lina nguvu, nami sijalishinda hata leo. Amri ya mwaka 1574 ilitaka mtu atambulikane kwa nguo yake, na uwanja ule huivunja kwa kicheko kila juma. Yamkini hiyo ni heshima kwa maskini wa zamani kuliko masikitiko yangu. Lakini jibu lake lilimtetea avaaye joho. Halikusema neno kwa yule wa bakuli.

Yule bibi wa jumba la kifalme akauliza, bila hila yoyote, kama zama hizo zilifika kwetu, na kama sisi pia huzicheza. Nikasema zilifika kwa moto: mwaka 1505 Wareno waliiteka Mombasa wakaichoma, na mwaka 1593 wakaanza kujenga Ngome ya Yesu, iliyobuniwa na Mwitaliano, Giovanni Battista Cairati, kwa kufuata fikira za Renesansi juu ya ulinganifu wa mwili wa mwanadamu. Kisha nikaeleza kwa fahari jinsi tulivyocheza mambo ya kale shuleni, tumevaa majoho na majambia, huyu sultani, huyu waziri, huyu nahodha.

"Na mtumwa alikuwa nani?" akauliza.

Sikuwa na jibu. Katika mchezo wetu hakuwapo mtumwa. Walakini katika karne ya 19 mashamba ya nafaka na minazi ya Malindi yalilimwa na watumwa, na utumwa haukuondolewa na sheria katika pwani yetu mpaka mwaka 1907, yaani karibu sana. Nimewasikia watu wengi wakihesabu nasaba zao hata Uarabuni na Uajemi. Sijamsikia bado mmoja akisimama barazani akasema kwamba mama wa bibi yake alinunuliwa. Hesabu haikubali, maana walionunuliwa walikuwa wengi, nao walizaa.

Mwaka uliofuata tulirudi. Nilijifunga kilemba, nikabeba tarumbeta ya kuazima, na kila aliyeniuliza nilimtajia John Blanke na nyongeza yake ya mshahara. Nakiri kwamba mimi pia nilichagua aliyebahatika. Yule wa joho, safari hii, alikuja na gunia na bakuli, na katika sikio lake la kulia alikuwa amechora kidonda chekundu. Mtoto mmoja alimuuliza kidonda kile ni cha nini, akamweleza sheria yote, na mtoto akaacha kula. Baba yake alitutazama kwa hasira, akamshika mkono wakaenda zao.

Tulibishana jambo hilo mpaka penye gari. Mimi nilisema baba yule alilipa apate siku ya furaha pamoja na mwanawe. Yeye alisema baba yule alilipa aonyeshwe mambo ya kale, na sikio lile limo ndani yake.