JINA LA KANISA NA JEEP YA NDUGU YETU



Leo tunataka kuwaza pamoja nanyi juu ya neno lililofika mbele ya wazee wa paruasi yetu hapa Lubumbashi. Ndugu mmoja, mtu wa sala, asiyekosa ibada wala sadaka, alinunua jeep iliyotumika kutoka Japani. Yeye si mchuuzi wa magari. Ana shamba mbali na barabara ya lami, na wakati wa mvua gari ndogo hazifiki kule, zinalala katika matope. Kwa hiyo alikusanya feza miaka mingi, akanunua gari inayovuta kwa magurudumu yote manne. Meli ilipofika Dar es Salaam, alikuja kwetu na ombi moja: “Wazee, mniandikie karatasi ya kusema kwamba jeep hii ni ya kanisa.”

Kwa nini aliomba hivyo? Wengi wetu hatujui mashaka ya njia hii. Kutoka Dar es Salaam gari inashika barabara ya kama kilomita 2,000, inapita Tunduma, inavuka Zambia, mpaka Kasumbalesa. Pale mpakani duane haitazami bei ya kununua peke yake. Inaongeza nauli ya meli na bima, na juu ya jumla hiyo inahesabu kodi ya kuingiza mali. Kisha, juu ya jumla pamoja na kodi hiyo, inahesabiwa TVA ya 16 kwa mia. Tuchukue mfano. Kama bei, nauli na bima vinafika dola 10,000, na kodi ni 10 kwa mia, hiyo ni dola 1,000. TVA juu ya dola 11,000 ni dola 1,760. Zote pamoja ni dola 2,760, bila kutaja malipo mengine ya njiani. Kwa mtu anayeishi kwa mahindi na mihogo, hayo si maneno ya mchezo.

Tena, sheria ya nchi yetu ya tarehe 20 Julai 2001 juu ya mashirika yasiyotafuta faida, na makanisa ndani yake, inafungua njia ya kusamehewa kodi kwa vyombo vinavyoingizwa kwa ajili ya kazi yao. Ndugu yetu alijua jambo hilo. Karatasi moja yenye muhuri, na feza yake inabaki mfukoni.

Tusimhukumu upesi. Alisema: “Kodi tunayolipa inaliwa na wakubwa. Watoto wetu wanalipiwa shule na wazazi, barabara ni mashimo. Mimi nitabeba wagonjwa, nitabeba kwaya siku za safari. Je, hiyo si kazi ya kanisa? Na makanisa mengine yanafanya hivyo kila siku.” Wazee wawili kati yetu walitikisa kichwa kwa kukubali. Tunawaambia ukweli: tulikaa usiku ule bila kupatana.

Asubuhi mzee mmoja alitukumbusha habari ya Gehazi, mtumishi wa nabii Elisha, katika kitabu cha pili cha Wafalme, sura ya 5. Naamani alikuwa ameponywa, na Elisha alikataa zawadi zake. Gehazi akamfuata mbio, akamwambia kwamba bwana wake amemtuma kwa ajili ya vijana wawili waliofika sasa hivi. Akapewa talanta mbili za feza na nguo, akazificha nyumbani mwake. Angalieni vizuri: Gehazi hakumnyang’anya Naamani kwa nguvu. Naamani alitoa kwa furaha, hata akaongeza. Kosa lake lilikuwa kutumia jina la nabii kwa mali ya nyumba yake mwenyewe. Naamani alitoa kwa sababu aliliamini jina lile.

Na sisi, je, jina letu lilipatikana bure? Baba Simon Kimbangu alianza kazi ya kuponya na kufundisha katika Aprili 1921. Mwezi wa Oktoba mwaka ule ule alihukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha. Alifungwa miaka 30, na alikufa gerezani hapa hapa katika mji huu, ulioitwa Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Waaminifu wengi waliondolewa vijijini mwao na kupelekwa mbali. Walichotakiwa ni kitu kidogo tu: waseme uongo, wakane. Wale walikataa kusema uongo ili waokoe maisha yao. Na sisi tuseme uongo ili tuokoe dola 2,760?

Lakini turudi kwa maneno ya ndugu yetu, maana yanastahili jibu. Kama feza ya kodi inaliwa, wanaoila wana hesabu yao mbele ya Mungu na mbele ya raia. Mwizi akiingia katika nyumba ya baba, mtoto hapati kwa sababu hiyo ruhusa ya kuiba naye. Tukidai barabara kwa sauti kubwa na huku tunaficha kodi, sauti yetu itakuwa na nguvu gani? Na kubeba wagonjwa ni jambo jema sana. Lakini mtu anaweza kubeba mgonjwa kwa gari yenye jina lake mwenyewe. Mema hayo hayahitaji karatasi ya uongo.

Kuna neno lingine ambalo yeye hakuliwaza. Karatasi ina nguvu. Kama jeep imeandikwa kwa jina la kanisa, basi mbele ya sheria ni ya kanisa. Ikigonga mtoto njiani, kanisa litaitwa. Akitaka kuiuza, kodi iliyosamehewa itamwamkia. Na siku Bwana atakapomwita, mjane wake atakuja kutafuta gari ya mume wake, na mchungaji atakayekuwapo, ambaye labda hajui mapatano yetu ya siri, atafungua sanduku la karatasi na kumwambia: “Mama, gari hii si yenu.” Nani atamshuhudia? Sisi tulioandika? Tutasimama kusema kwamba tulidanganya?

Kwa hiyo tulikataa. Ndugu yetu alikasirika. Siku za Mungu tatu hatukumwona katika ibada, na jeep yake ilikaa mpakani, malipo ya maegesho yakipanda kila siku. Ndipo tulipoelewa kosa letu sisi. Tulikuwa tumelinda jina la kanisa, lakini tulikuwa tumemwacha mtu wa kanisa peke yake na mzigo wake. Kusema hapana na kuketi ni rahisi. Tulikwenda kwake, tukapiga magoti pamoja, na baadhi yetu, kila mtu kwa feza yake mwenyewe, wala si ya sadaka, tukamkopesha kilichopungua. Alilipa benki, akapewa risiti. Ametulipa nusu, nusu inabaki, na hatumsumbui.

Jeep imefika. Kama gari nyingi za Japani, volanti yake iko kuume, na sisi huku tunapita upande wa kuume wa barabara. Kwa hiyo dereva akitaka kupita lori haoni mbele; lazima aliyeketi kushoto amwambie: “Ngoja,” ao “Pita.” Ndugu wapenzi, hivyo ndivyo inavyotupasa kuishi katika kanisa. Kila mmoja wetu ana upande asiouona, zaidi sana pale feza inapohusika. Aliye karibu naye asinyamaze kwa kuogopa kumkasirisha. Na akisema “Ngoja”, asishuke garini. Abaki pale, wangoje pamoja.

Bwana atulinde sisi na jina tulilopewa. Amina.