Mtoto Asiyetimiza Miezi na Haki ya Jina

Liko swali ambalo watu hawaliulizi msikitini wala barazani, bali hunong'onezana nje ya mlango wa hospitali. Mtoto amezaliwa kabla ya miezi yake kutimia, yumo ndani ya kisanduku cha joto, na haijulikani ataishi au atakufa. Je, yafaa mzazi ampe moyo wake wote tangu sasa, au angoje kwanza aone?

Wengi katika miji yetu ya pwani hujibu: Ngoja. Usimpe jina, usimnunulie nguo, usiwaeneze watu habari zake. Maneno haya husemwa kwa huruma, si kwa ubaya. Nasi hatuwezi kuwalaumu wayasemao, kwani ilipotufika sisi wenyewe tuliyafuata.

Mtoto wetu alizaliwa katika juma la 29, na mimba kamili ni ya majuma 40. Uzani wake haukufika kilo moja na robo. Hakuweza kunyonya, wala mapafu yake hayakuweza kuvuta pumzi bila ya kusaidiwa. Juu ya kisanduku chake palibandikwa kadi iliyoandikwa "Mtoto wa", kisha jina la mama yake. Bibi mmoja wa ukoo wetu akatuambia: "Mwanangu, usimwite jina kiumbe usiyejua kama ni wako au ni wa mchanga." Siku ya saba ikapita, nasi ambao tumewasomesha watu miaka mingi haki za mtoto juu ya baba yake hatukumpa jina. Siku ya 11 mama yake, ambaye hakukubali kukaa ndani arobaini yake na mwanawe yuko mbali, akatuuliza: "Sheikh, nimwombeapo dua huyu, nimtaje nani?" Hatukuwa na jawabu. Tulimpa jina mchana ule ule.

Basi na tuzipime hoja za wasemao tungoje.

Hoja ya kwanza ni kwamba moyo uliozuiwa hauvunjiki. Twasema: si kweli. Mtoto wetu aliishi siku 23, kisha akafariki. Siku 12 alikuwa na jina, na siku 11 hakuwa nalo. Zile 12 twazikumbuka kwa huzuni iliyo na utulivu ndani yake. Zile 11 ndizo zituchomazo mpaka leo, kwani kule kungoja hakukutupunguzia msiba hata chembe. Kulimpunguzia mtoto tu. Na nani katika watoto wetu aliyezaliwa na dhamana ya maisha? Ikiwa mapenzi hungoja yakini, basi hatutampenda mtu yeyote. Sharia nayo haikumngoja mtoto afike uzani fulani. Aliyezaliwa akalia, kisha akafa, huoshwa, huswaliwa, na hurithi na kurithiwa. Ikiwa ana haki katika mali yetu, vipi asiwe na haki katika mapenzi yetu?

Hoja ya pili ni kwamba mzazi hana kazi pale. Kazi ni ya madaktari na mashine. Hili nalo si kweli. Maziwa ya mama, hata yakikamuliwa na kupitishwa kwa mpira mwembamba tone baada ya tone, humkinga mtoto huyu na maradhi mabaya ya matumbo kuliko maziwa ya kopo. Na kifua cha mzazi ni dawa. Mwaka 1978, katika mji wa Bogotá nchini Colombia, daktari Edgar Rey Sanabria alipoona vile visanduku havitoshi, aliwaamuru akina mama wawafunge watoto vifuani mwao, ngozi kwa ngozi. Mwaka 2021 ulitangazwa utafiti uliofanywa Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania juu ya watoto zaidi ya 3,000. Waliowekwa kifuani mara tu baada ya kuzaliwa walikufa 12 katika kila 100, na waliongojewa kwanza mpaka hali zao zitulie walikufa karibu 16. Baba naye ana kifua. Anayesema kwamba haya ni mambo ya wanawake amejinyima fungu lake.

Hoja ya tatu ni kwamba yote ni kudra, basi ya nini kuhangaika? Tarehe 7 Agosti 1963 Rais wa Marekani, John F. Kennedy, alizaliwa mtoto majuma matano na nusu kabla ya wakati. Maradhi ya mapafu yalimwua baada ya saa 39, na mali na mamlaka ya baba yake hayakumfaa kitu. Lakini mwaka 1959 Mary Ellen Avery na Jere Mead walikwisha kueleza sababu ya maradhi yale, nayo ni upungufu wa utando laini unaozuia mapafu yasijifunge. Na mwaka 1980 Tetsuro Fujiwara wa Japani alitangaza kwamba amewatibu watoto kwa kuwatilia utando huo mapafuni. Leo mtoto kama yule, akipata matibabu, aghalabu huishi. Kudra ni ile ile. Kilichozidi ni juhudi ya watu waliokataa kukaa na kungoja. Hata hivyo mtoto yule wa Rais hakufa bila ya jina. Aliitwa Patrick, na baba yake alikuwa karibu naye.

Ndugu zetu, likikufikeni jambo hili, msingoje. Mpeni mtoto jina, liandikeni kwenye kadi yake, na mwiteni kwalo kila mwingiapo. Mama asifungiwe nyumbani kwa ajili ya ada na mwanawe amhitaji. Naye jirani asiulize, "Ataishi?" Aulize, "Anaitwaje?" Kuishi na kufa si kazi yetu. Kazi yetu ni kumpa haki yake akiwa bado yupo.

Mola awahifadhi watoto wetu, wakubwa na wadogo, na atusamehe tulipochelewa. Amin.