Pole ambayo Jack Tatum hakuitoa

Ukimvunja mtu bila kuvunja kanuni yoyote, una deni kwake?

Swali hili lina majina mawili: Jack Tatum na Darryl Stingley. Wengi wetu hatuwajui, maana mchezo wao ni ule mpira wa Kimarekani, wa helmeti na mabega yaliyojazwa sponji, ambao huku kwetu tunauona zaidi kwenye sinema. Tatum alikuwa beki wa Oakland Raiders kuanzia 1971. Kazi yake ilikuwa kukaa nyuma ya wenzake, kusubiri pasi ndefu, na kumfanya anayeruka kuipokea ajute kwa nini aliruka. Sitii chumvi. Mpokeaji akishaonja kishindo mara moja, mara ya pili anamtafuta beki kwa macho badala ya mpira, na pasi inadondoka. Hiyo ndiyo faida ya kishindo. Januari 1977, kwenye fainali ya Super Bowl dhidi ya Minnesota Vikings, Tatum alimvaa Sammy White hadi helmeti ikamtoka kichwani. Raiders wakashinda 32-14. Watu walimwita Muuaji, na walikuwa wakimsifu.

Halafu ikaja tarehe 12 Agosti 1978, pale pale Oakland. Ilikuwa mechi ya maandalizi kabla ya msimu, ile ambayo matokeo yake hayahesabiwi popote. Stingley, mpokeaji wa New England Patriots, akiwa na miaka 26, alijinyoosha kufuata pasi ambayo hakuweza kuifikia. Aliposhuka akiwa ameinamisha kichwa, Tatum alikuwa ameshafika. Pingili mbili za shingo zikavunjika. Stingley hakutembea tena mpaka alipofariki mwaka 2007.

Waamuzi hawakupuliza rafu. Ligi haikumpa Tatum adhabu yoyote. Kwa kanuni za wakati ule alikuwa amefanya kazi yake, basi. Na hapo ndipo aliposimama miaka yote: sikukosea, kwa hiyo siombi msamaha. Alieleza kwamba alijaribu kwenda hospitalini akazuiwa. Mwaka 1980 akatoa kitabu, na jina lake la Muuaji likiwa pale pale kwenye jalada.

Sasa tukae na hoja yake kabla ya kumzomea, kwa sababu hoja yenyewe si ya kijinga. Kuomba msamaha ni kukiri. Ukikiri kosa ambalo hukulifanya, unasema uongo, hata kama ni uongo wa huruma. Isitoshe, kuna waliomfundisha kupiga vile, waliomlipa kwa kupiga vile, na maelfu waliosimama vitini kushangilia kila alipopiga. Vita vya panzi, furaha ya kunguru. Kumwachia beki mmoja mzigo wote ni njia rahisi ya kunguru kujipangusa mdomo.

Nakubali yote hayo, na bado nasema kuna kitu Tatum hakukiona. Labda lugha yake ilichangia. Kwa Kiingereza neno moja hubeba kazi mbili: kukiri kosa na kuonea mtu huruma. Sisi tumeyatenganisha. Samahani ni ya aliyekosa. Pole ni ya yeyote aliyepo. Mtu akijikwaa barabarani mbele yako unamwambia pole, na hakuna atakayekuuliza jiwe uliliweka wewe. Tatum alikataa samahani, na huenda alikuwa na haki. Lakini pole ilikuwa inamgharimu nini?

Ila hebu twende mbele kidogo, maana pole ya kawaida haitoshi hapa. Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams, katika makala ya 1976, alitoa mfano wa dereva wa lori aliyemgonga mtoto bila uzembe wowote. Sote tutamwambia dereva yule kwamba si kosa lake, na tutakuwa tunasema kweli. Lakini akituitikia haraka mno, "ndiyo, si kosa langu," kisha akaendelea na chai yake, tutamtazama kwa jicho jingine. Tunamtarajia aumie kuliko abiria aliyekaa pembeni yake, ingawa wote wawili hawana hatia. Huku kwetu dereva wa namna hiyo, polisi wakishamwachia, bado anatafuta wazee wa kwenda naye msibani. Anapeleka rambirambi. Hakuna anayeiita fidia. Anakwenda kwa sababu mkono uliopita pale ulikuwa wake.

Tunapenda kusema ajali haina kinga. Sawa. Lakini ajali ina mtu wake. Kanuni za mchezo hujibu kama uadhibiwe. Hazijibu kama uende kumwona mgonjwa.

Mwaka 1996 ilipangwa wakutane mbele ya kamera za televisheni. Stingley aligundua kwamba mkutano umefungamanishwa na kutangaza kitabu kingine cha Tatum, akajitoa. Nadhani alifanya vyema. Pole inayotolewa ili watu waione inamnufaisha mtoaji. Kwenda baada ya miaka 18 kulikuwa kunawezekana, ila kwa mlango wa nyuma, bila kitabu mkononi.

Baadaye kisukari kikamfanya Tatum akatwe mguu. Stingley, kutoka kwenye kiti chake cha magurudumu, alisema kwamba binadamu hawezi kufurahia jambo kama hilo kumpata mwenzake. Alikuwa ameshasema pia kwamba moyoni alimsamehe zamani. Yaani pole ilitoka, ila ilitoka kwa aliyevunjwa kwenda kwa aliyevunja. Tatum alifariki Julai 2010, miaka mitatu baada ya Stingley, wawili hao wakiwa hawajawahi kukaa chini wakaongea.

Ligi ilibadilisha kanuni zake hatua kwa hatua. Leo pigo la kichwa au shingo kwa mpokeaji asiyeweza kujikinga ni rafu, na mabeki hutozwa faini kwa hilo. Ni jambo jema. Lakini kanuni mpya hazikulifuta swali, zimelisogeza tu. Bado kuna mapigo halali, na bado kuna wanaobaki chini baada yake. Aliyebaki amesimama ana pa kwenda, hata kama hakuna kanuni inayomtuma.