Mzunguko wa Nyakati na Wajibu wa Mwanadamu

Imani kwamba kila kitu maishani huenda kwa mzunguko ni miongoni mwa fikra kongwe za mwanadamu, kwa kuwa chimbuko lake ni mambo yaliyo wazi kwa kila mtu: usiku hufuata mchana, mwezi huandama, hukua na kupungua kisha huandama tena, na mvua iliyokatika hurejea kwa majira yake. Kutokana na hayo, watu wa mila na dini nyingi wamehitimisha kwamba hata kuzaliwa na kufa, kupata na kukosa, vimo katika utaratibu huo huo. Hitimisho hilo linafariji, lakini linazua swali zito: ikiwa kila kitu kitarudi kwa zamu yake, tendo la mwanadamu lina thamani gani?

Wastoa, yaani wafuasi wa falsafa iliyoasisiwa na Zeno wa Kition mjini Athens takriban mwaka 300 kabla ya Kristo, walilifikisha wazo hilo kwenye kikomo chake. Wengi wa wakuu wao wa awali, akiwemo Chrysippus, walifundisha kwamba ulimwengu huteketea kwa moto na kuumbika upya, na kwamba matukio yale yale hujirudia kwa mpangilio ule ule. Katika mafundisho hayo hekima ya mtu ni kuridhia kwa moyo mweupe lile ambalo lazima liwe. Ridhaa hiyo ina heshima yake, lakini humwachia mkosaji nafasi finyu ya kutengeneza alichokiharibu, kwa kuwa kosa lake nalo limeandikiwa kurudi.

Pwani ya Afrika Mashariki imeurithi mzunguko kwa namna nyingine, kwa sababu watu wake wameishi na miaka miwili kwa wakati mmoja. Wa kwanza ni mwaka wa Hijria, unaofuata mwezi na kuwa na siku 354 au 355. Wa pili ni mwaka wa jua uitwao Nairuzi, wenye asili ya Uajemi, ambao wakulima na mabaharia waliuhesabu kwa miongo, yaani vipindi vya siku kumi kumi, ili wajue wakati wa kupanda na wakati wa kutweka tanga katika pepo za kaskazi na kusi.

Tofauti ya miaka hiyo ina maana kubwa ya kiroho. Qurani, katika aya ya 36 na ya 37 za Sura At-Tawba, inathibitisha kwamba miezi ni 12 na inakataza nasii, yaani desturi ya Waarabu wa kale ya kuiahirisha miezi mitukufu kwa masilahi yao. Kwa kuwa hakuna mwezi unaoongezwa ili kuufungamanisha mwaka na misimu, Ramadhani hutangulia kwa siku 11 hivi kila mwaka wa jua, na katika takriban miaka 33 huwa imepita masika, kipupwe, vuli na kiangazi. Mfungo hurudi, lakini hurudi katika hali nyingine, na humkuta mfungaji naye akiwa mwingine: aliyefunga kijana kwenye joto la kaskazi huja kufunga mzee katika msimu huo huo, akiwa na mwili dhaifu na madeni mapya ya nafsi. Kinachojirudia hapa ni wito, na jibu la wito huo halijaandikwa na mzunguko wenyewe.

Nairuzi inaonyesha jambo hilo kwa njia ya jamii nzima. Huko Makunduchi, kusini mwa kisiwa cha Unguja, sherehe ya Mwaka Kogwa hufanyika kila Julai: wanaume hupigana kwa migomba ili vinyongo vya mwaka uliopita vitolewe hadharani na kuishia hapo, kisha kibanda cha makuti huchomwa moto. Mwaka unaorudi hutumiwa kukata kitu ambacho kingeendelea kuzunguka, yaani ugomvi unaozaa ugomvi.

Hata kurudi kwa wafu, kama kunavyoelezwa katika fikra za Kiafrika, hakufuti upya wa mtu. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika kwamba katika jamii zinazoamini marehemu huzaliwa tena, ni baadhi tu ya sifa zake zinazosemwa kuonekana kwa mtoto. Mjukuu hupewa jina la babu, lakini hapewi maisha ya babu. Anapokea heshima ya kuilinda na, pengine, kosa la kulisahihisha.

Kwa hiyo ni lazima kutofautisha mizunguko ya aina mbili. Ipo ya maumbile, kama bamvua na maji mafu, ambayo mwanadamu hakuianzisha na hawezi kuizuia. Na ipo ya matendo, kama kisasi, dhuluma na deni linalorithishwa, ambayo watu huiendesha kwa mikono yao. Wahenga waliposema kwamba maji yakijaa hupwa, walimpa mwenye dhiki sababu ya kusubiri, lakini methali hiyo hupotoshwa anapoambiwa aliyedhulumiwa kwamba zamu yake itafika yenyewe, kana kwamba dhuluma ni maji ya bahari. Mvuvi anayejua kwamba maji yatapwa hutayarisha nyavu na mitego yake mapema. Vivyo hivyo, imani ya kweli katika mzunguko humtaka mtu apokee kwa subira yale ambayo Mungu ameyaweka katika maumbile, na atumie kila mwanzo mpya, uwe mwezi mwandamo au siku ya mwaka, kuukata uovu ambao bila uamuzi wake ungerithiwa na watoto wake.