Utajuaje Kuwa Uko Tayari?

Watu wengi hudhani kwamba mtu huwa tayari kwa uamuzi mgumu pale hofu inapomtoka. Mimi nimefunza walimu kwa miaka mingi, na sijaona hivyo.

Tuchukue jambo tulijualo sote huku kwetu Tarime na Serengeti. Katika mwaka wa tohara, Desemba inapokaribia na shule kufungwa, wazee wa koo hutangaza msimu, na mzazi mwenye binti hana budi kuamua. Sheria imekwisha kusema: tangu 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 ni kosa la jinai, na kifungo chaweza kufika miaka 15. Lakini sheria haiketi naye jioni katika kikao cha ndugu. Binti asiyekeketwa ataitwa msagane. Mahari yake itapungua, na kaka yake huenda akakosa ng'ombe wa kuolea. Mama atachekwa kisimani.

Mzazi ambaye bado, utamtambua kwa maswali yake. Je, wenzangu watasemaje? Je, mwaka huu wataahirisha? Kila siku hutafuta sababu moja zaidi, ingawa sababu anazo tele. Aliye tayari huuliza mengine: binti atalala wapi msimu huu? Nani atamsindikiza hadi kituo cha Masanga, au nyumba salama ya Mugumu? Nitamwambia nini kaka yangu? Hofu bado anayo, pengine kumzidi mwenzake, maana amekwisha kuhesabu gharama na kukubali kuilipa.

Hata mabinti wanaotoroka usiku kwenda huko huogopa giza, na huogopa kumkosa mama. Lakini wanajua waendako.

Msimu ukiisha, wazazi huahidi kwa maandishi, mbele ya polisi na maofisa wa ustawi wa jamii, kwamba binti akirudi hatakeketwa. Kutia sahihi ni rahisi. Mimi ningemwuliza baba: umekwisha kuwaambia ndugu zako? Uamuzi ambao hujathubutu kuutamka mbele ya watakaokulaumu, haujawa wako.

Wahenga walisema subira yavuta heri. Walisema pia, chelewa chelewa utamkuta mwana si wako. Subira humfaa anayejiandaa. Anayengoja hofu iishe, Desemba itamkuta angali anangoja, na wengine watakuwa wamekwisha kumwamulia.